Masika Ndiyo Msimu wa Kamera

Kila Machi inapoelekea ukingoni, Arusha hupunguza mwendo. Magari ya watalii yanaegeshwa uani, kambi kadhaa zinafungwa kwa matengenezo, madereva wanarudi kwao kulima, na ukimwambia mtu kwamba Jumamosi unakwenda hifadhini kupiga picha, anakutazama mara mbili. "Kaka, na mvua hii? Si usubiri Juni!" Nimeambiwa hivyo na watu ninaowaheshimu, wengine wameshika usukani wa Land Cruiser tangu mimi niko shule ya msingi. Nawaheshimu, ila kwa hili nawapinga.

Juni hadi Oktoba ni msimu wa wageni, na una sababu zake: barabara zimekauka, shule za Ulaya na Marekani zimefunga, na huko Serengeti majani yamepungua kiasi kwamba simba hana pa kujificha. Lakini mwenyeji wa Arusha anajua Juni yetu na Julai yetu zilivyo. Baridi, wingu zito limetanda bila kunyesha, na Mlima Meru unaweza kupotea siku nyingi mfululizo kana kwamba umehamishwa. Halafu mtu huyo huyo aliyevaa makoti mawili ananiambia ndio wakati wa kupiga picha.

Nizungumzie mahali ninapopafahamu, yaani Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ambayo wengi tunaiita tu Momella. Ilianzishwa mwaka 1960 ikiitwa Ngurdoto, kwa jina la kreta yake, na baada ya Mlima Meru kuongezwa ikapewa jina la sasa. Kutoka mjini unapita Usa River, unakunja kushoto, na ndani ya saa moja hivi uko lango la Ngongongare. Watu wa Moshi nao hawako mbali. Mtanzania analipa kiingilio kwa shilingi, tena sehemu ndogo sana ya kile anacholipa mgeni kwa dola. Kisha tunasema utalii ni wa Wazungu.

Nianze na mbega. Ni mweusi tii na mweupe pe katika mwili mmoja, na anakaa juu, ndani ya msitu wenye kivuli kilichotobolewa na miali ya jua. Mpige picha kwenye jua kali la Februari: weusi unakuwa shimo lisilo na macho, na lile vazi jeupe la mgongoni linaungua mpaka huoni hata unyoya mmoja. Kamera ya gharama haikuokoi hapo, sembuse simu. Sasa njoo siku ya masika, dakika chache baada ya mvua kukatika, wingu bado lipo. Mwanga unaingia msituni kutoka pande zote bila ukali. Unaona macho, unaona mikunjo ya uso, unaona mkia unaoning'inia ukiwa bado umelowa, na akishika tawi karibu nawe unaona kwamba mkono wake hauna kidole gumba. Kwenye simu, gusa uso wake katika skrini, kisha shusha mwanga kidogo ili weupe usiungue. Na ukibahatika kukuta mama amebeba kichanga, utakuta mtoto mweupe mwili mzima. Rangi ya wazazi humjia taratibu katika miezi ya mwanzo. Mbega waliolowa hukaa juu kabisa wakisubiri jua, hawana haraka ya kwenda popote, nawe usiwe nayo.

Kwa mbega peke yake ningeweza kufunga hoja. Ila kuna ndege.

Kweche dume, wakati wa kiangazi, ni kindege cha rangi ya udongo ambacho hata mtoto hageuki kukitazama. Mvua zikija anavaa nyekundu na nyeusi, anajitutumua na kupepea juu ya majani marefu kama bwana harusi aliyechelewa ukumbini. Fumbwe naye anaota mkia mrefu kuliko mwili wake, halafu jike lake linakwenda kutaga katika kiota cha ndege wengine wadogo, na malezi yanabaki kwa hao hao. Mavazi hayo yote ni ya msimu wa kuzaana, na kuzaana kunafuata mvua kwa sababu mvua inaleta mbegu za majani na wadudu wa kulishia makinda. Anayekuja Agosti kupiga picha za kweche atapiga picha za kitu kinachofanana na shorewanda.

Kwera, ndege msusi wa viota, ndiye ninayempendekeza kwa kila anayeanza, tena huyu hahitaji hata kiingilio. Wako kwenye michikichi ya mjini na kwenye miti iliyoinamia maji pale Usa River. Dume huchana ukanda wa jani bichi na kusuka kwa mdomo. Jani lazima liwe bichi, maana kavu linakatika likipindwa, na ndiyo maana anasubiri mvua. Akimaliza ananing'inia chini ya kiota akipiga mbawa kuita majike. Jike linakuja, linaingia, linakagua, na mara nyingi linaondoka zake. Kiota kikishapauka bila kupata mwenyewe, dume hukibomoa na kuanza upya. Mpiga picha anayejifunza atapata wapi mwalimu mwingine anayerudia tendo lile lile mahali pale pale asubuhi nzima? Ukikosa mara hii, subiri kidogo, anarudi na jani jingine.

Halafu kumbikumbi. Wengine wetu tumewala wakiwa wamekaangwa na hatuoni aibu kusema. Mvua nzuri ikinyesha, wanatoka ardhini kwa maelfu, na hapo kila mwenye mdomo anashuka: mwewe, hondohondo, kunguru, hata nyani wanaokota chini kwa vidole kwa utaratibu wa mtu anayechambua mchele. Karamu hiyo haidumu, kwa hiyo ukiiona simamisha gari hapo hapo, zima injini ili picha isitikisike, na usipoteze muda kubadilisha lenzi.

Wakati sisi tunapokea mvua, kuna wanaofunga safari. Machi na Aprili mbayuwayu waliokaa nasi tangu vuli wanarudi Ulaya, kwa kuwa huko baridi inaisha na wadudu wanaanza kuruka. Rafiki zangu wa huko huwaposti kwa shangwe wakifika, kana kwamba wametoka mbinguni. Wametoka kwetu, walikuwa kwenye nyaya za umeme pale Tengeru, na hakuna aliyeinua simu.

Kuhusu mandhari sitasema mengi. Vumbi limeoshwa hewani, na wingu likifunguka, Kilimanjaro inaonekana ng'ambo ya maziwa ya Momella. Asubuhi piga kuelekea Meru, jua likiwa nyuma yako. Jioni geukia Kilimanjaro. Wanaopanga safari kwa saa za chakula cha mchana hukosa yote mawili.

Kwenye maziwa hayo ndipo ninapokasirika. Maji ya Momella ni ya magadi, na kila ziwa lina rangi yake kutokana na chumvi zake na mwani unaoota humo. Heroe wadogo, yaani flamingo, wanakula mwani huo. Mvua nyingi zikipunguza makali ya magadi, chakula kinapungua nao wanahamia ziwa jingine, kwa hiyo hesabu yao haitabiriki: leo ufuko una rangi ya waridi, wiki ijayo kuna wachache tu. Sasa anatokea mtu mwenye simu, anataka picha ya heroe wakiruka, na kwa kuwa hawaruki, anapiga kelele, anapiga makofi, au anaokota jiwe. Ile ni picha ya ndege waliofukuzwa mezani, na mtazamaji mzoefu anaijua: shingo zimenyooka kwa hofu na wote wanakimbilia upande mmoja. Mimi huwa siipi alama ya kupenda, hata ikiwa ya ndugu yangu. Wanaruka wenyewe, kila siku. Kaa chini.

Malalamiko ninayoyasikia zaidi ni kwamba Momella hakuna simba. Kweli, simba hawaishi pale. Kwa mpiga picha hilo ni neema, kwani ndiyo moja ya sababu unaruhusiwa kutembea kwa miguu ukisindikizwa na askari wa uhifadhi mwenye bunduki. Bunduki ni kwa ajili ya nyati, na nyati wapo wengi. Afande akisema "simama hapo hapo" usimuulize sababu. Kumpiga picha twiga ukiwa umesimama ardhini alikosimama yeye ni jambo tofauti kabisa na kumpiga kutoka paa la gari. Miguu inakuwa mirefu, shingo inaingia mawinguni, nawe kwa mara ya kwanza unaelewa ukubwa wake.

Sitaki kudanganya kuhusu matope. Gari dogo litazama, baadhi ya njia za ndani huwa hazipitiki, na kupanda Meru wakati wa masika ni kwa wenye moyo. Nenda na gari la kuvuta magurudumu manne, au changeni watu wanne watano mkodi moja. Msimu huu mwenye gari anakubali mazungumzo. Beba taulo na khanga ya zamani ya kufunikia kamera. Mifuko ya plastiki iache nyumbani, ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019 na pale langoni hawatanii. Zima kiyoyozi na ufungue madirisha mapema kabla ya kufika msituni ili lenzi iliyopoa izoee hewa ya nje yenye unyevu, la sivyo utapiga ukungu tu. Mfuko mdogo wa mchele uliowekwa dirishani unatuliza lenzi ndefu vizuri, na jioni mchele unarudi jikoni.

Wapiga picha wa Arusha na Moshi tunao wengi, na wazuri, lakini kurasa zao kuanzia Machi hadi Mei hujaa harusi na bidhaa. Ombi langu kwao ni dogo: mkienda, pichani andikeni mwezi. "Aprili, Momella", basi. Kiota msitaje kiko wapi. Kwera watavumilia wageni, tai anayelalia yai hatavumilia.