Jinsi Mkate Ulivyotupunguzia Mahari

Ukoo wetu ulipoamua kwamba niwe mshenga wa mpwa wangu, hakuna aliyeuliza habari za tumbo langu. Walitazama mvi zangu, koti langu la kijivu na sauti yangu nzito, wakaona yatosha. Sisi ni watu wa Nakuru, kwetu ni karibu na Njoro, mahali ambapo ngano imelimwa tangu enzi za wakoloni na ambapo watafiti huzalisha mbegu zinazostahimili ugonjwa wa kutu. Kwa hiyo mtu wa kwetu kushindwa na mkate ni aibu sawa na ya mvuvi wa Dunga asiyeweza kula samaki. Kila nilipokula mkate, baada ya saa chache tumbo lilifura, riahi ikaanza kuzunguka kwa ngurumo, kisha ikafuata haja isiyojua subira. Nilikuwa nimeilaumu hamira, siagi, maziwa ya chai na, wakati mmoja, mama mkwe.

Tuliondoka alfajiri. Tulipofika Kericho baridi ilikuwa kali, gari likasimama, na wenzangu wakanunua chai na mkate wa kukata, nami nikala kwa kuwa mshenga haendi kuzungumzia ng'ombe akiwa na njaa. Tukapita Ahero, tukapita Kisumu, tukapanda milima hadi nyumbani kwa binti, karibu na Chavakali. Huko tulipokelewa kwa vigelegele na kwa sinia ambalo sitalisahau: vipande vya mkate vilivyopakwa siagi pande zote mbili na, kwa heshima ya mshenga peke yake, chapati zilizokunjwa. Kukataa chakula ukweni ni kuvunja posa kabla haijaanza. Mama wa binti alisimama kando yangu mpaka sahani ikawa tupu, kisha akaijaza tena.

Mzee wao, ndugu mkubwa wa baba wa binti, alifungua mazungumzo kwa utulivu, akaeleza malezi na masomo ya binti, akamalizia kwa kutaja ng'ombe 13, kama ilivyo desturi katika jamii nyingi za Waluhya. Nilivuta pumzi ili nitoe hotuba niliyoiandaa, lakini tumbo lilinitangulia. Lilitoa mngurumo mrefu, mzito, uliopanda mwishoni kana kwamba unauliza swali. Chumba kizima kilinyamaza. Mzee aliwageukia ndugu zake.

"Mgeni ameguna," akasema.

Wakanong'onezana kidogo, na nilipokuwa bado nimeyakaza meno kwa sababu ambazo sikuweza kuzitangaza mbele ya wazee, nikasikia wakisema ng'ombe 12. Sikujibu, kwa kuwa kufungua mdomo wakati ule kungefungua na mengine. Wakafika 11. Hapo haja ikafika mlangoni nami nikainuka bila kuomba ruhusa, nikatoka kwa hatua ndefu. Shemeji yangu, mfanyabiashara wa mitumba ambaye hajawahi kupitwa na nafasi, alitikisa kichwa kwa huzuni na kuwaambia wenyeji kwamba mshenga wetu akitoka namna ile, basi moyo wake umeumia sana.

Choo kilikuwa nyuma ya migomba. Nilikuwa ndani, nimeshikilia ukuta wa mabati, niliposikia sauti ya kike nje ikiniuliza kama ninahitaji maji. Alikuwa shangazi wa binti, muuguzi mstaafu, na wastaafu wa kazi ile hawaachi kuhoji wagonjwa. Aliniuliza nilikula nini, hali hii huanza baada ya muda gani, kama midomo huvimba au mwili huwasha, kama ndugu zangu wanayo. Nilimjibu kila swali nikiwa katika hali ambayo sikuwahi kudhani ningezungumza na shangazi wa mtu.

"Pole, mwanangu. Ngano ina njia nyingi za kumtesa mtu," akaanza. Mzio wa ngano, alisema, kwa kawaida huja haraka, pamoja na vipele na uvimbe. Uko pia ugonjwa wa siliaki, ambapo gluteni, ile protini ya ngano na shayiri, huifanya kinga ya mwili iushambulie utando wa utumbo mwembamba. Tena wapo wasiosumbuliwa na gluteni bali na fruktani, sukari za ngano ambazo hazisagwi tumboni, hivyo zikifika kwenye utumbo mpana bakteria huzichachua na kutengeneza gesi. Akanisimulia habari za Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi aliyeishuku ngano tangu miaka ya 1930, na jinsi njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945 ilivyomthibitishia: mkate ulipoadimika, watoto wenye siliaki walipata nafuu, na uliporudi wakaugua tena. Ni kisa kizuri, ingawa ningependa kukisikia nikiwa nimeketi.

"Usiache mkate kabla ya kupimwa damu," alimalizia, "maana kingamwili zikishuka, kipimo kitakudanganya."

Niliporudi sebuleni, mahari ilikuwa ng'ombe 9.

Daktari wa Nakuru alisema yaleyale, kwa hiyo niliendelea kula mkate kwa amri ya tiba huku mke wangu akinihamishia kitanda sebuleni. Siliaki haikuonekana, mzio haukuonekana; nilipopunguza ngano chini ya uangalizi wa daktari, ngurumo zilitulia, naye akaziona fruktani kuwa ndizo mshukiwa mkuu.

Tuliporudi Chavakali kukamilisha mambo, mezani palikuwa na ugali wa wimbi, kuku, mrenda, nduma na viazi vitamu. Hapakuwa na hata chembe ya mkate. Shangazi alinipakulia mwenyewe, akitabasamu kupita kiasi. Nilikula nikashiba, nikajisikia mwepesi, na nilikuwa nikiisifu familia ile kwa utu wake wakati mzee alipokohoa.

"Mara iliyopita tuliharakisha," akasema. "Tuanze upya. Ng'ombe 13."

Kisha akainama taratibu, akaliwekea tumbo langu sikio, akangoja. Wazee wote wakangoja pamoja naye. Shemeji alinikanyaga mguu, lakini hapakusikika kitu.

"Andika," mzee akamwambia karani. "Mshenga hana pingamizi."