Boksi la nyaraka lisinunuliwe kwa unene wake

Wengi wanaoagiza maboksi ya hifadhi za nyaraka na maktaba huanza kwa kuuliza unene wa kadibodi, nami naona swali hilo hutangulizwa mapema mno. Boksi nene lililotengenezwa kwa rojo la mbao lisilosafishwa laweza kusimama rafuni miaka mingi huku likiiharibu karatasi iliyomo, kwa sababu lignini, yaani kile kinachoshikanisha nyuzi za mbao, iliyobaki humo huzalisha asidi kadiri inavyozeeka, na asidi ndiyo inayoidhoofisha karatasi mpaka ikatike inapokunjwa. Sharti la kwanza, basi, liwe kadibodi isiyo na asidi wala lignini, iliyotiwa kalsiamu kabonati ya kuzimua asidi itakayojitokeza baadaye. Kiwango cha kimataifa cha ISO 16245 kinahusu maboksi ya namna hii, na muuzaji anayeishia kusema bidhaa zake ni “za kuhifadhia nyaraka” hajajibu kitu. Picha zina mambo yake: sainotaipu, zile za rangi ya buluu, hufifia zikigusana na alkali, kwa hiyo zitafutiwe boksi lisilotiwa kalsiamu kabonati.

Likija suala la uimara wenyewe, mimi hutazama pembe kwanza. Pembe zilizokunjwa zikashikana zenyewe ni bora kuliko zilizobanwa kwa pini za chuma cha kawaida, ambazo hushika kutu penye unyevu, zikaacha madoa ya kahawia, na hatimaye zikakatika, boksi likafumuka mikononi mwa anayelishusha. Upande wa mbele ukiweza kulazwa chini, majalada hutoka bila kuvutwa kwa ncha.

Ukubwa nao huwaponza wanunuzi, maana boksi kubwa huonekana nafuu hadi lijazwe. Rimu moja ya karatasi 500 za A4 za gramu 80 ina takriban kilo 2.5, boksi linalomeza rimu nane lina kilo 20, na hizo si za kuteremshwa na mtu aliye juu ya ngazi. Lililojaa nusu nalo lina kasoro, kwani karatasi hulegea na kupinda, isipokuwa nafasi ijazwe kwa kadibodi safi.

Plastiki ya PVC naikataa kabisa kwa kuwa hutoa asidi inapochakaa, polipropilini inakubalika. Kabla ya kuagiza shehena nzima, omba boksi moja la mfano, lijaze nyaraka zenyewe, kisha lipime kwenye rafu litakakokaa, mfuniko ukiwa juu yake.