Mahamri ya Pembe Nne

Leo asubuhi nimelipiwa chai na mtu nisiyemjua, na mpaka saa hii sijaacha kuona uchungu.

Naandika haya nikiwa kwenye treni ya kurudi kwetu Mombasa, behewa la shilingi 1,500, lile ambalo magoti yako na ya abiria wa mbele hujuana kabla nyinyi wenyewe hamjajuana. Langu moja limebanwa na kijana aliyevaa kaptura ya maua na miwani ya jua, na hata Athi River hatujaipita. Watu wa Nairobi wakija kwetu huanza kuogelea wakiwa bado stesheni ya Syokimau.

Kilichonipeleka Nairobi ni muhuri. Karatasi ya kiwanja cha marehemu baba, mnayajua mambo hayo. Nikafika dirishani, mama wa dirishani akaifungua, akaisoma yote, akanirudishia: "Hii ni ya Mombasa." Basi. Hilo tuliache, hapa nilipo kuna watoto.

Safari yenyewe ilianza kwa mkosi pale Miritini, stesheni yetu ya Mombasa. Si mnaijua ile desturi ya kupanga mabegi chini, abiria mkasimama kando kama mnaosubiri hukumu, mbwa apite akinusa? Mimi nilikuwa nimembebea ndugu yangu papa mkavu kilo mbili. Mbwa aliyapita mabegi yote kwa adabu zake. Alipofika kwa langu, akaketi. Hakubweka, aliketi tu, kama mtu aliyealikwa. Askari akaniuliza ndani mna nini. Nikamwambia, papa.

Askari mwenyewe wa bara. "Papa nani?"

Lakini hayo yote nayasamehe. Hata baridi nimeisamehe, na hata lile bafu la ndugu yangu lenye kuchemsha maji kwa umeme, ambalo ukigusa bomba unasalimiwa mpaka kwenye kiwiko. Nisichoweza kusamehe ni ile hoteli.

Iko mjini, jina lake nalisitiri. Niliingia nikafanya nilivyolelewa: nikasimama mlangoni, nikatoa salamu. "Asalamu aleikum. Hamjambo? Mwaamkaje?" Watu kama ishirini, hakuna aliyeinua kichwa. Mmoja tu alisema, bila kuniangalia, "Leo sinunui."

Nikaketi. Kijana wa kuhudumu akaja mbio. Nairobi hakuna anayetembea, hata anayetoka chooni.

"Niaje, buda?"

Masikio yangu yalisikia "nije?" Nikamwambia, "Njoo, mwanangu."

"Si nimekuja."

"Ahsante."

Tukatazamana. Akashika kiuno. "Unadai nini?"

Hebu fikirieni. Mtu sijamkalia hata dakika mbili, hatujuani, hatujakopeshana, tayari anataka nimtajie deni. Nikamwambia kwa upole, mimi hapa simdai mtu.

"Sasa umekuja kufanya nini?"

"Nataka chai na mahamri."

"Iko."

Iko. Mahamri iko! Nilihisi kitu kikinidunga hapa shingoni. Nikamwambia, "Yapo." Akasema, "Eeh, iko." Nikasema, "Kijana, mahamri yapo." Akasema, "Budangu, si ndio nakuambia iko." Nikaona nikiendelea nitafia ugenini, nikauliza habari ya mbaazi.

"Mbaazi ndio nini?"

Nikamwelezea kwa vidole, vitu vidogo, vya mviringo, ndani ya tui. Uso wake ukang'aa. "Ah! Ndengu!" Akanifunulia sufuria. Pojo! Pojo hizi hizi tunazozijua sote, zimefika bara zikabadilisha jina kama mtu anayekimbia wadai.

Chai ikaja, na mahamri yakaja. Yana pembe nne.

Sasa, hamri, kwa asiyejua, na hakuna asiyejua, lakini nina hasira, ukilichana unakuta tumbo liko wazi. Mvuke unakupiga usoni na hiliki yake, unatia mbaazi mle ndani kama mtu anayeweka akiba. Hili lilikuwa limejaa. Limejaa unga mpaka kwenye pembe. Ukiliweka barabarani matatu itapunguza mwendo.

Nikamwita. "Haya ni mandazi."

"Mahamri ni mandazi."

"Mandazi ni mandazi. Mahamri ni mahamri."

"Ni kitu moja, mzee."

Kitu moja! Hapo ndipo nilipoinuka. Si kwa ugomvi, niliinuka kama mtu anayetoa nasaha arusini. Nikaeleza kwamba mandazi ni unga uliopata maji na sukari, lakini hamri lina asili yake. Kwanza unatafuta nazi iliyokomaa, unaivunja, halafu unaikuna kwa mbuzi.

Meza ya jirani ikanyamaza.

"Mbuzi anakuna nazi?" kijana akauliza.

"Mbuzi ya kukunia. Unaikalia, halafu..."

"Unakalia mbuzi?"

"Ya mti! Ina meno!"

Sasa ule ukimya ulikuwa umeenea hoteli nzima. Wale watu ishirini waliokataa salamu yangu wote wameinua vichwa. Nimewasalimia hawakuitika, nimetaja mbuzi wamenitulia. Nikaketi, nikayala yale mandazi yote mawili, kwa sababu njaa haina kabila, nikaenda kulipa.

"Ni kiasi gani?"

"Chai finje, mandazi mbao."

Yaani nimeagiza mahamri, nimeletewa mandazi, nimeyala, na sasa nalipia mbao. Mwanamke wa kwenye kaunta akaniona nimekodoa, akanitafsiria: hamsini na ishirini, sabini, na noti ya elfu hawana chenji, nilipe kwa simu. Nambari imebandikwa ukutani, maandishi madogo kama sisimizi. Miwani yangu ya kusomea iko ndani ya begi, begi liko kwa ndugu yangu. Nikawa naisogelea ile karatasi na kurudi nyuma, kuisogelea na kurudi, kama mtu anayecheza chakacha. Mstari nyuma yangu ukafika watu saba.

"Mzee, songa."

Mimi? Nisonge? Mimi si mtu wa kudharau mji wa wenzangu, lakini tuambizane ukweli. Ngome yetu, Fort Jesus, ilianza kujengwa mwaka 1593. Reli ilianza kutandikwa kwetu, mwaka 1896, ikapanda, ikapanda, mwaka 1899 ikafika kwenye tope moja la baridi, wakaona hapa ndipo pa kuegesha mabehewa. Ndiyo Nairobi hiyo. Hata jina walilopewa na Wamasai ni la maji baridi, hawakufichwa. Mwaka 1905 wakatuchukulia na makao makuu ya serikali, sisi tukawaangalia tu. Lakini nambari za serikali hazina upendeleo. Kaunti ya 001 ni Mombasa. Nairobi ni 047. Na Kenya nzima ina kaunti ngapi? Arobaini na saba! Sasa nani amsongee nani?

Haya yote niliyasema moyoni. Mdomoni nilisema, "Subiri kidogo, mwanangu, nambari ya tatu ni nane au ni sita?"

Ndipo mkono ukapita juu ya bega langu, mkono wenye saa, ukasukuma simu mbele. "Weka ya mzee na yangu." Ikalia mara moja. Nikageuka kushukuru. Kwetu mtu akikulipia chai utamuuliza jina, mtaa, ukoo, na kama marehemu babake si yule aliyekuwa na duka la baiskeli. Mimi niliona mgongo. Mgongo unavuka barabara.

Sasa nisaidieni. Nimekarimiwa au nimefukuzwa? Nimemuuliza ndugu yangu, ambaye ameishi kule miaka ishirini na sasa hata kucheka anacheka kwa haraka. Akasema, "Kaka, amelipa uende zako." Sabini yenyewe ningeirudisha wapi? Deni silipendi, na deni la mgongo ndilo baya zaidi. Yule kijana aliniuliza nadai nini, kumbe ningedaiwa mimi.

Na sisemi kwetu hakuna kasoro. Mwezi uliopita pale Mwembe Tayari nilisimama nusu saa kwa muuza viazi karai. Yeye na mteja wa mbele wameizungumza arusi nzima, tangu posa mpaka nani alinyimwa biriani, na kachumbari yaota jua. Nilisimama kimya. Kumlipia yule mtu ili aondoke halikunijia hata kichwani, wala sijui ningelifanyaje, maana angenishika mkono aanze na mimi.

Huyu wa kaptura ya maua ameniuliza bahari hufungwa saa ngapi. Nimemwambia saa kumi na mbili, na aje na kitambulisho.

Tumeshapita Mtito Andei. Mama watoto amepiga simu, kwanza kuhakikisha kabeji zake ziko salama, maana ni Nairobi hii hii tunayoitukana ndiko kwenye kabeji, halafu kuniambia maji hayajatoka tangu Jumatatu. Nikamwambia si amwite yule wa mkokoteni. Akasema yule ana wiki sasa, amekwenda Nairobi kutafuta maisha.

"Na mitungi yetu?"

Mtandao ukakatika. Nje kuna tembo, behewa zima limehamia upande wangu kupiga picha, kijana wa maua ameniegemea bega. Mitungi minne, jamani. Ile ya njano. Na mmoja una kifuniko chake.