Pesa Zipo, Ushahidi Haupo: Viza ya Mwanafunzi Ikitazamwa Kutoka Mombasa

Mpwa wangu alipopata barua ya kukubaliwa na chuo kikuu kimoja nchini Uingereza, mwenye pesa nilikuwa mimi. Ni akiba ya miaka mingi ya kuuza vipuri vya magari, niliyoanza kuiweka tangu mtoto huyo akiwa darasa la tatu, kwa sababu babake hana kazi ya kudumu na mamake, ambaye ni dada yangu, hushona nguo nyumbani. Usiku mmoja tuliketi sebuleni kwao Majengo, mtaa wa hapa Mombasa, tukatandaza karatasi juu ya mkeka: cheti cha kuzaliwa, pasipoti, matokeo ya KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari), barua ya chuo na taarifa za akaunti yangu ya benki za miezi sita. Kijana mwenyewe ndiye aliyekuwa akitusomea kanuni kwa sauti, na alipofika kwenye orodha ya watu ambao akaunti zao zinakubaliwa, akanyamaza. Orodha ilimtaja mwanafunzi, mzazi wake, mlezi wake wa kisheria na mwenzi wake wa ndoa.

"Mjomba," akaniambia, "wewe humo katika orodha."

Tangu usiku ule nimezisoma kanuni za nchi kadhaa ambazo vijana wa Pwani huziendea kusoma, nikijaribu kupambanua ni sharti gani lina haki na ni lipi linawaonea watu bure. Nimefikia mahali ambapo siwezi kusimama na wale wanaosema kwamba masharti yote ni hila ya kutuzuia, wala siwezi kusimama na wale wanaosema kwamba aliyenyimwa viza amejitakia mwenyewe kwa kutokuwa na karatasi. Sharti la kuonyesha pesa nalikubali. Ninalolipinga ni namna pesa hizo zinavyotakiwa kuthibitishwa, na zaidi ya hilo napinga sharti la kuthibitisha kilichomo moyoni mwa kijana wa miaka 19.

Tuanze na pesa zenyewe. Kuanzia Novemba 2025, mwanafunzi anayekwenda Uingereza hutakiwa kuonyesha pauni 1,529 kwa kila mwezi akisoma London, au pauni 1,171 akisoma nje ya London, kwa muda usiozidi miezi 9. Kwa chuo kilicho nje ya London hesabu inafika pauni 10,539, mbali na karo ya mwaka wa kwanza ambayo haijalipwa. Huongezwa ada ya viza, ambayo ilipanda hadi pauni 524 mwezi Aprili 2025, na malipo ya huduma za afya ya pauni 776 kwa mwaka, yanayolipwa mwanzoni kwa miaka yote ya kozi. Ujerumani hutaka euro 11,904 ziwekwe katika akaunti maalumu iliyofungwa, na hicho ndicho kiwango tangu Septemba 2024. Australia ilipandisha kiwango chake hadi dola 29,710 za nchi hiyo mwezi Mei 2024. Mtu akizigeuza pesa hizo kuwa shilingi za Kenya, hata kile kiwango cha Ujerumani, ambacho ndicho cha chini kuliko vyote, kinapita milioni 1.7.

Ni rahisi kuziona takwimu hizo na kusema kwamba mlango umefungwa. Lakini nimewahi kushuhudia yanayompata kijana anapopita mlango huo bila pesa. Mtaani kwetu yupo aliyesafiri kwa kile kinachoitwa pesa za kuonyesha: ndugu na majirani walimkopesha, akaziweka benki, akapata viza, kisha kila mwenye chake akarudishiwa chake kabla hata hajapanda ndege. Alifika na karo ya muhula mmoja na pesa za kodi ya miezi miwili. Alitegemea kazi, ilhali kanuni za Uingereza humruhusu mwanafunzi wa shahada kufanya kazi saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo, na kuzizidisha ni kuihatarisha viza yenyewe. Mamake alikuwa akinijia dukani na simu mkononi, akinionyesha ujumbe wa mwanawe aliyekuwa akilala sakafuni katika chumba cha mwenzake na kula mara moja kwa siku. Mwaka wa pili hakuulipia. Alirudi bila cheti na deni likiwa limemngoja hapa. Kwa hivyo nchi inaposema kwamba haitaki kumpokea mwanafunzi asiyeweza kujikimu, siyaoni maneno hayo kuwa dharau.

Canada inalionyesha jambo hili kwa uwazi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 nchi hiyo iliendelea kumtaka mwanafunzi aonyeshe dola 10,000 tu za Canada kwa matumizi ya mwaka, huku kodi za nyumba zikipanda mwaka hadi mwaka, na vyuo vikizidi kupokea wageni kwa sababu karo yao ni kubwa. Januari 2024 kiwango kikarukia dola 20,635, na mwezi huohuo serikali ikatangaza kikomo cha idadi ya vibali vya masomo. Waliokuwa wamekusanya pesa kwa hesabu ya zamani walijikuta wamefika nusu ya safari, na hao wana haki ya kulalamika. Hata hivyo, dola 10,000 zilikuwa zimeacha kuwa ukweli zamani, na nadhani kumwambia kijana kwamba zitamtosha ndiko kulikokuwa kumdhulumu. Kosa lilikuwa kungoja miaka 20 kisha kurekebisha kwa siku moja.

Hapo ndipo ninapokomea katika kuwatetea wenye masharti, maana kuwa na pesa ni jambo moja na kuzithibitisha kwa namna inayotakiwa ni jambo jingine. Kanuni ya Uingereza inataka pesa zikae katika akaunti siku 28 mfululizo, na zisipungue kiwango hata siku moja. Kanuni hiyo ilibuniwa kuwanasa watu wa pesa za kuonyesha, ingawa aliyekopeshwa kwa mwezi mmoja anaivuka bila taabu. Wanaonaswa ni watu wengine. Kwetu karo ya chuo haitoki katika mshahara wa mtu mmoja. Hutoka kwa mjomba, kwa ami aliye Lamu, kwa shangazi aliyeolewa Malindi, kwa chama cha kina mama na kwa mchango wa Ijumaa, na aghalabu huja kwa mafungu, la mwisho likiingia wiki ambayo ada inatakiwa. Pesa hizo ni za kweli na hakuna atakayerudi kuzidai, lakini katika taarifa ya benki zinaonekana kama kitu kilichozuka ghafla.

Sisi tulihamisha akiba yangu kwenye akaunti ya dada yangu, tukaanza kuhesabu. Siku ya 19 dada akatoa shilingi elfu nane kumpeleka mtoto mdogo hospitali, kwa kuwa ilikuwa ndiyo akaunti yake ya siku zote na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba tulikuwa tumeweka kiwango kamili bila ziada. Salio likashuka chini ya mstari. Tukahesabu upya kutoka siku ya kwanza. Nimelitafakari sana tukio hilo, kwa sababu mzazi aliyetoa pesa kumtibu mtoto hakuwa amedanganya lolote, ilhali kanuni haikuwa na njia ya kumtofautisha na mdanganyifu. Anayejiandaa leo na aweke ziada ya kutosha, si kwa ajili ya dharura tu bali pia kwa sababu shilingi hugeuzwa kuwa pauni kwa kiwango cha ubadilishaji cha siku ya maombi, na shilingi inaweza kushuka ndani ya mwezi mmoja.

Nikilinganisha, utaratibu wa Ujerumani una haki zaidi, japo kiwango chake si kidogo. Pesa huwekwa katika akaunti iliyofungwa, mwanafunzi akifika huruhusiwa kutoa euro 992 kila mwezi, na viza ikikataliwa pesa hurudishwa. Haijalishi aliyezitoa ni baba, mjomba au msikiti mzima. Pesa za kuonyesha haziwezekani, maana aliyezikopesha hatazipata tena mwezi ujao. Zimefungiwa huko na mwenye kuzila ni mwanafunzi. Lengo ni lilelile la Uingereza, lakini kinachopimwa ni pesa yenyewe na si nasaba ya mwenye akaunti.

Sharti la nia ni zito zaidi. Sheria ya Uhamiaji na Uraia ya Marekani ya mwaka 1952, katika kifungu cha 214(b), humchukulia karibu kila mwombaji wa viza ya muda kuwa anakusudia kuhamia, mpaka amridhishe ofisa kwamba sivyo. Mwanafunzi hutakiwa aonyeshe kwamba ana makazi nje ya Marekani ambayo hana nia ya kuyaacha. Mahojiano hufanywa ubalozini Nairobi, na huwa ni ya dakika chache. Akikataliwa kwa kifungu hicho hana pa kukata rufaa. Anaweza kuomba tena, kwa kulipa upya ada ya viza ya dola 185.

Sasa mfikirieni kijana wa Majengo akiulizwa ana nini kitakachomrudisha. Hajaoa, hana kazi, hana mali. Angekuwa navyo asingekuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ataulizwa kuhusu mali ya wazazi, na hapo historia ya Mombasa inamgeuka. Nyumba nyingi za mitaa yetu ya zamani zimejengwa juu ya ardhi ya watu wengine: mwenye nyumba anamiliki kuta na paa, na mwenye ardhi hulipwa kodi ya kiwanja. Familia imeishi hapo vizazi vitatu, imezaa na kuzika, lakini haina hatimiliki ya kumwonyesha mtu. Kijana huyo amefungamana na mahali pake kuliko tajiri mwenye hati tano, ila kufungamana kwake hakumo katika karatasi.

Upande wa pili una hoja, nami sitaki kuipuuza. Wapo wanaoingia kwa viza ya masomo bila nia ya kusoma, na ofisa aliye dirishani hana njia ya kumjua mtu kwa dakika chache isipokuwa kwa dalili. Nchi yoyote, na yetu ikiwemo, ina haki ya kuchagua nani aingie. Ninachokiona kuwa si sawa ni kwamba nchi hiyohiyo inayomtaka kijana aonyeshe kwamba hana nia ya kubaki, ikishampokea humruhusu kufanya kazi ya fani yake miezi 12 baada ya kuhitimu, na miezi 24 zaidi akiwa amesomea sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati. Ruhusa hiyo ni ya muda, nakubali. Hata hivyo, ni mwaliko wa kukaa. Kijana mkweli anayesema dirishani kwamba angependa kupata uzoefu wa kazi huko kabla ya kurejea anajiweka hatarini, na aliyefundishwa jibu la kukariri anapita. Sharti linalomfaa aliyekariri kuliko msema kweli limeshindwa kazi yake, hata kama lilitungwa kwa nia njema.

Yapo pia mambo madogo yanayotuumiza watu wa Pwani zaidi ya wengine. Mpwa wangu ni Mohamed katika cheti cha kuzaliwa, Muhammad katika cheti cha KCSE, na jina la babu limo katika kimoja na halimo katika kingine; ilibidi tuende kwa wakili kupata hati ya kiapo. Kipimo cha kifua kikuu, ambacho Uingereza humtaka kila Mkenya anayekwenda kukaa zaidi ya miezi 6, tulikifuata Nairobi. Treni ya asubuhi kutoka Miritini, nauli ya kwenda na kurudi, malazi kwa jamaa na siku mbili za duka kufungwa ni gharama ambazo mzazi wa Nairobi hazijui.

Katika pengo hilo kati ya familia na karatasi ndimo mawakala wanamostawi. Wapo waaminifu, lakini kanuni inapokuwa ngumu kueleweka, anayesema "niachie mimi" husikilizwa haraka. Wakenya wanakumbuka mpango wa Kaunti ya Uasin Gishu wa kuwapeleka wanafunzi Finland na Canada, na wazazi walioandamana mwaka 2023 wakidai pesa zao. Ule ulisimamiwa na serikali ya kaunti na bado ukavunjika. Wakala wa ofisi ya chumba kimoja ataaminiwa kwa lipi? Kaunti yetu ingetoa huduma kubwa kwa kuweka tu ofisa mmoja wa kuwasomea wazazi kanuni kwa Kiswahili bila malipo, mapema, mtoto akiwa bado kidato cha tatu, ili akiba iingie katika akaunti inayotakiwa na majina yasahihishwe kabla ya haraka kuanza. Na serikali ya Kenya, inapozungumza na Uingereza kuhusu masomo, ingeweza kuomba jambo dogo na la wazi: ndugu wa damu wa mzazi akubaliwe kuwa mdhamini, kwa hati ya kiapo na vyeti vya kuzaliwa vinavyoonyesha udugu huo.

Mpwa wangu alipata viza yake, akafika wiki moja baada ya masomo kuanza. Kwa hofu ya kuulizwa pesa zimetoka wapi, dada yangu alikuwa ameapa mbele ya wakili kwamba ni zawadi kutoka kwa kaka yake, na karatasi hiyo ameiweka kabatini pamoja na vyeti vya watoto. Hakuna aliyeiomba. Katika ombi lililopelekwa, jina langu halimo mahali popote.