Kwenye mtambo nina mtoto wa nne

Alfajiri moja jirani yangu alinigongea mlango, mtoto mgongoni anachemka homa. Mtaani tunamwita Mama Vitenge, kwa biashara yake pale soko la Kibuye. Ametoka Bukavu, kule Kongo. Kiswahili chake ni kitamu kuliko changu, ila hapa Kisumu wakati mwingine kinamponza. Tulipofika dirishani kwenye kituo kimoja cha afya, alisema, "Nataka munganga amuone mutoto." Foleni nzima ikaangua kicheko. Kwao munganga ni daktari. Kwetu mganga ni mzee wa hirizi. Tunasahau kwamba hapo Tanzania tu kuna Mganga Mkuu wa Wilaya, na hakuna anayecheka.

Kicheko kikapita. Kilichotukwamisha ni kompyuta.

"Mama, namba ya kitambulisho?"

Akafungua fundo la leso, akatoa karatasi ya maombi ya hifadhi, imekunjwa hadi mikunjo inataka kukatika. Karani akaigeuza huku na huku, akamrudishia. Tangu Oktoba 2024, SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani, matibabu ya zahanati na vituo vya afya vya serikali ni bure kwa aliyejisajili. Kujisajili kunataka kitambulisho na simu. Laini ya simu nayo inataka kitambulisho, kwa hiyo yake iko kwa jina la shemeji ya mwenye nyumba. Mkimbizi mwenye kadi anaweza kusajiliwa, sikatai. Lakini kadi husubiriwa, na malaria haikai kwenye foleni.

Kuna wanaosema wageni wanatumalizia dawa. Huyu mama hulipa ushuru wa soko kila siku, na mtoza ushuru hajawahi hata mara moja kumdai kitambulisho.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya huduma bora za afya. Kila mtu. Walipotaka kusema raia walisema raia, kama kwenye kifungu cha 38 kuhusu siasa. (Wazee hapa bado huiita hospitali yetu ya rufaa "Russia", kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Zawadi ya mgeni tuliipokea bila kuuliza karatasi.)

Karani simlaumu sana. Mtambo haumruhusu kuacha nafasi wazi. Wenye mtambo ndio waweke namba ya muda, mtu atibiwe kwanza, karatasi zifuate.

Siku ile karani aliniinamia akanong'ona, "Si useme tu ni wako?" Nikatoa kitambulisho changu. Mtoto akatobolewa kidole, malaria ikaonekana, dawa zikatoka. Daftari lake la matibabu lina jina la mume wangu. Wiki iliyopita homa ilimrudia nikiwa Nakuru msibani, na mama yake akanipigia kuniuliza narudi lini.