Ni Kweli Nimechomwa Kisu na Muuza Ubuyu, Ila Nisikilizeni Kwanza

Acheni kunitumia pole. Na wale mliokwisha kuchanga kwenye kundi la mtaa, 47,000 yenu iko kwa mweka hazina, kaichukueni kabla hajainunulia vocha. Sijafa. Sijalazwa. Wala sikutokwa na utumbo kama alivyowasimulia kinyozi wangu. Alichokiona kikining'inia ni kamba ya suruali yangu ya mazoezi, imelowa rangi.

Nimechomwa, hilo sikatai. Mara 23. Na mwanamke, hilo nalo sikatai, tena mtu mzima wa kuamkiwa shikamoo, na kwa hakika nilimwamkia. Ila kisu kilikuwa cha mpira. Sehemu hiyo kinyozi kaiacha. Kinyozi akishafika kwenye utamu wa habari huwa harudi nyuma.

Haya. Mazoezi yangu ya kujihami mnayajua, nimewachosha nayo tangu mfungo. Zile picha za ufukweni Raskazone, hapa Tanga, nimesimama mguu mmoja juu, mkaandika chini "korongo". Mwalimu wetu wa kwanza, kabla hajahama mji, alitufundisha kisu kwa namba. Namba moja kisu kinatoka juu, namba mbili kinakuja tumboni, hivyo hivyo mpaka saba. Mwenzio anapiga hatua, ananyoosha mkono wenye kisu, halafu anauacha pale pale hewani kama mtu anayekupa rimoti. Wewe unapishanisha mikono, unadaka, unakunja, unamlaza. Anapiga sakafu kofi mbili kuonyesha kashindwa, mnainamiana, mnakwenda kunywa maji. Miezi mitatu nimelaza watu kwa namba. Kinyozi nimemlaza sana, na nahisi kinyongo kilianzia hapo.

Akaja mwalimu mpya. Kijana aliyepitia JKT, mchana anaendesha bodaboda. Akatuharibia starehe siku ya kwanza tu: namba zote tupeni. Mwenye kisu cha kweli, akasema, hanyooshi mkono akakungoja. Kisu anakificha. Anakusogelea kwa maneno, anakukamata kwa mkono usio na kitu, kisha anachoma na kurudisha, anachoma na kurudisha, na wapo waliochomwa wakadhani wanapigwa ngumi tu mpaka walipoona damu. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni mbio. Huna pa kukimbilia, weka kitu kati yenu, kiti, baiskeli, meza ya kahawa, chochote. Umeshakamatwa, basi mkono wenye kisu ushike kwa mikono yako yote miwili, uung'ang'anie kama mtoto aliyenusurika kupotea soko la Mgandini, mbane mtu wako ukutani, ukipata upenyo rudi kwenye mbio. Ukishafika salama jipapase mwili mzima, huenda umetobolewa na hujui.

Akatupimia na umbali, kutoka bombani hadi kwenye mwembe, mita 6 na kitu. Akasema mwaka 1983 askari mmoja wa Salt Lake City, Marekani, anaitwa Dennis Tueller, aliandika kwamba mwenye kisu anaumaliza umbali huo, futi 21, kwa sekunde moja na nusu hivi. Ndiyo muda ule ule ambao askari aliyefunzwa anauhitaji kuchomoa bastola na kufyatua. Bastola, jamani! Wenzangu wote kimya. Mie nikanyoosha mkono nikauliza: "Na kama huyo askari angeijua namba nne?"

Mwalimu aliniangalia kwa kitambo. Nadhani ndipo aliponipangia.

Jumamosi ikawa mtihani. Kila mtu aje na fulana nyeupe. Wenzetu kwingine hupaka kisu cha mpira rangi ya mdomo au wino mzito, ili kila kilipogusa paonekane, mtu asije akabisha. Sisi mazoezi yetu tunafanyia uani Makorora, na jirani wa ua ule ni mama anayepika ubuyu. Mnaujua, ule mwekundu wa sukari, iliki na pilipili manga, unaokuachia ulimi kama umeramba mlango uliopakwa rangi sasa hivi. Mwalimu akaenda kumwomba rangi kidogo. Mama akaja na ndoo iliyobaki na mkorogo wake wote, akaiweka chini ya mwembe. Hiyo ndoo ikumbukeni.

Wa kwanza kinyozi. Mwalimu alivyotamka "haya", kinyozi alishafika getini. Hakukinga wala hakudaka, alitimua tu. Alama sifuri, fulana nyeupe pe! Mwalimu akampigia makofi. Mie nikacheka kwa sauti nikasema huo ni uoga, si mchezo. (Naam, yupo aliyerekodi. Nawe uliyeituma kule Chumbageni nimekuona.)

Yule mama alikuwa bado kasimama, kashika kiuno, anafurahia. Akauliza: "Na mie nijaribu, mwanangu?"

Naomba hapa nijitetee. Niliona aibu kwa niaba yake. Mama wa watu, miaka hamsini na ushei, kimo chake kinanifikia kifuani, kavaa dera. Ndipo nikasema maneno ambayo kinyozi sasa kayafanya mlio wa simu yake: "Mwacheni mama aje kwangu, nitamshika taratibu asije akateguka."

Mwalimu akamwita pembeni, akamnong'oneza. Mama akageuka akanitazama upya, kuanzia miguuni. Baadaye nilikuja kujua alichonong'onezwa. Aliulizwa tu: "Huyu si ndiye unayemdai?"

Anidai kweli. Shilingi 1,500, pakiti tatu za ubuyu, tangu Idi.

Akavua ndara akazipanga vizuri pembeni. Akavuta mtandio akajifunga kibwebwe. Sijui kwa nini kile kibwebwe hakikunishtua. Mtu yeyote aliyelelewa Tanga anajua mwanamke akishajifunga kibwebwe, nyie wengine tafuteni njia. Mie nikakaa mkao wa korongo.

Kisu sikukiona. Nilitegemea anyooshe mkono, niite namba moyoni, nianze kazi. Yeye mkono wa kulia kauficha nyuma ya dera, anakuja polepole, anatabasamu, ananiambia: "Mwanangu, hebu njoo nikwambie." Na mie, kwa adabu niliyofunzwa, nikainama nimsikilize.

Nikainama!

Mkono wa kushoto ukanidaka ukosi. Mkono ule umekoroga masufuria miaka ishirini, msiuone hivi. Nikahisi shingo inakwenda chini nami naifuata. Hapo akili yangu ikawa inatafuta namba. Hii ni ya pili au ya nne? Ya pili mguu wa kushoto mbele. Mguu wa kushoto upo wapi? Wakati natafuta mguu, tumboni nasikia pwa, pwa, pwa. Nikapishanisha mikono kukinga, kisu kilishaondoka zamani, kipo ubavuni. Nikapeleka mikono ubavuni, kimerudi tumboni. Mwendo wake kama cherehani ya fundi mwenye nguo za sikukuu. Nami nikafanya kile ambacho mwalimu alitukataza kwa jina: nikageuka nikampa mgongo. Akashona mgongo. Kila anaposhona anahesabu, "mia... mia mbili... mia tatu", kwa sauti ya upole kabisa, kama anayemrudishia mteja chenji. Alipofika elfu moja na mia tano nikadhani tumemalizana. Akaanzia riba.

Nikarudi nyuma hatua moja. Nyuma kulikuwa na ndoo.

Naweza kuwachorea. Kisigino kikagusa ukingo, nikaiona mbingu, nikauona mwembe na embe moja bichi nikalitazama kwa makini sana sijui kwa nini, kisha nikakaa ndani ya ndoo kama aliyekuja kunawa, ndoo ikapinduka, mkorogo wote ukanipitia kichwani. Umeingia masikioni. Umeingia puani, una pilipili manga. Nafumbua macho, dunia nyekundu, na katikati ya wekundu ule mama anakuja na riba yake, maana hakuna aliyemwambia basi. Mwalimu alikuwa kakaa chini anacheka, hawezi kusema.

Hapo sasa nikaikumbuka dawa ya kwanza. Nikatimua.

Nadhani tatizo linaanzia hapa, kwamba mama naye alitimua nyuma yangu. Ebu kaeni mahali pa mtu aliyekuwa anakula mbaazi na maandazi yake kibarazani Makorora, saa mbili asubuhi. Anatokea mwanamume amelowa chapachapa kuanzia utosini, kamba inaning'inia tumboni, na nyuma yake mwanamke kajifunga kibwebwe, pekupeku, kisu chekundu mkononi, anapiga kelele: "Rudi hapa, bado!" Wewe ungefikiri nini?

Watu wakamkamata mama. Mie wakanilaza chini. Nikawa nawaambia, pumzi hakuna, "Ni ubuyu... ni ubuyu..." Mzee mmoja akainama akasikiliza, akawatangazia wenzake kwa huzuni: "Anamtaja aliyemchoma." Mwingine akasema naweweseka, nisemeshwe nisilale. Ndipo nikapata makofi mawili ya uso, na hayo, ndugu zangu, ndiyo majeraha pekee niliyoyapata siku ile.

Mengine ni ya kawaida. Bajaji, honi njia nzima, mpita njia kajipandisha kunibana tumbo kwa khanga na kanibana vizuri, Mungu amlipe. Hospitali wakaniuliza PF3, ile fomu ya polisi, dereva akawajibu kwa ukali mtu anakufa mnataka karatasi. Muuguzi akaikata fulana yangu kwa mkasi, akapangusa, akatafuta tundu, hakuna. Akapangusa tena. Akanusa pamba. Akamwita mwenzake akampa anuse.

"Hii damu mbona ina iliki?"

Dereva alichukua 5,000 yake na bado anasema nilimdanganya. Fulana ilibakia kwenye mfuko, mwalimu akaja akahesabu vilivyoonekana: tumboni na ubavuni 14, mgongoni 9. Rangi ya chakula haitoki kwa sabuni, nimejaribu na ndimu. Leo Jumatatu masikio yangu bado ni ya waridi, kazini wanasema nimependeza.

Ningevumilia yote kama kinyozi asingempigia mama yangu Pangani. Kampigia ile ile Jumamosi, kamwambia ule utumbo. Mama kakopa nauli, kafika jana na basi la kwanza, ana sufuria ya uji wa mgonjwa na sanda, ndiyo, sanda, anasema alibeba kwa tahadhari. Kanikuta nakula chapati. Kwanza kalia, kisha kanipiga na mfuniko wa sufuria, kisha akataka aonyeshwe huyo mwanamke ni nani. Nikajua leo ndiyo leo. Nikamfuata nyuma mpaka Makorora namwomba Mungu.

Wamesalimiana. Wakakuta wote wawili wana ndugu Mwera. Mama kamlipa ile 1,500 na kuniombea radhi, eti sikulelewa hivyo.

Leo yule mama kaja kumtembelea hapa kwangu, wapo sebuleni, kaleta ubuyu. Mie nimejifungia chumbani nawaandikia nyinyi. Nasikia wanacheka. Sasa hivi mama yangu anauliza: "Sasa ulimshika wapi kwanza?" Yule anasema maneno hayatoshi, bora aonyeshe.

Naitwa.