Kiatu Changu Kinaita

Mlinzi wa kliniki alinimulika tochi usoni, akaishusha hadi miguuni, akairudisha usoni.

"Bosi, unaumwa?"

"Jino," nikamjibu kwa kujiamini, mkono shavuni. "Nina miadi na daktari saa mbili."

Akatazama juu. Na mimi nikatazama. Nyota zilikuwa zimejaa tele.

"Saa mbili ipi hiyo? Hii ni saa nane kasoro, bosi. Ya usiku."

Nusu saa nzima nimetembea gizani nikijiambia kwamba mvua inakuja. Mbwa wamenibwekea, sijakutana na mtu hata mmoja, na bado nilikuwa nawaza jinsi watu siku hizi wanavyochelewa kuamka.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Kliniki waliniandikia ujumbe: "Kesho saa 2:00 asubuhi." Nikafungua kalenda ya simu, nikaandika 2:00, na kwenye ile sehemu ya AM na PM nikachagua AM, kwa sababu AM si asubuhi? Ni asubuhi kweli, ila kwa hesabu ya simu asubuhi inaanza usiku wa manane, wakati sisi tunaanza kuhesabu jua likichomoza. Nikaongeza na alamu ya saa 1:00 ili nipate muda wa kuoga. Simu ikanitii kama askari: saa saba usiku ikapiga kelele, nami nikaoga maji ya baridi huku nikiimba.

Dawa yake haihitaji akili nyingi. Ingia kwenye mipangilio ya tarehe na saa, washa mfumo wa saa 24. AM na PM zinapotea, na 02:00 inakutazama usoni ikiwa na ile sifuri yake ya usiku. Kisha hesabu: saa za mchana ongeza 6, kwa hiyo saa mbili asubuhi ni 08:00 na saa nane mchana ni 14:00. Saa za usiku ongeza 18, na jibu likifika 24 au likipita, toa 24: saa tano usiku ni 23:00, saa nane usiku ni 26, toa 24, inabaki 02:00. Ukichoka kabisa kujumlisha, kumbuka saa ya mishale: sisi husoma namba inayotazamana na ile unayoonyesha mkono mfupi. Mkono uko kwenye 8, sisi tunasema mbili. Nilijua haya yote tangu utotoni. Kujua hakukunizuia kwenda kugonga geti la kliniki usiku.

Nikarudi nyumbani. Nilipokaribia mlango tu, simu ikalia: "BEBA KADI YA BIMA." Ndiyo, ule ukumbusho wa mahali niliouweka mwenyewe. Kwenye vikumbusho vya aina hii kuna machaguo mawili, nikifika na nikiondoka, na mimi nilichagua nikifika. Lakini hata ningechagua nikiondoka nisingepona. Simu huchora duara kuzunguka nyumba, kwa kawaida la mita 100 hivi au zaidi, na haijui kwamba umeondoka mpaka uvuke mpaka wa duara. Ongeza dakika mbili tatu za kujishauri ikiwa inabana chaji, na utakumbushwa kadi ukiwa umeshafika barabarani. Ukumbusho wa kuondoka unafaa kwa mambo ya kufanya huko nje, kama kumpigia mtu ukiwa njiani. Kitu cha kubeba kinataka kizuizi cha kushikika.

Kizuizi ninachokijua ni kiatu. Kitu usichotaka kukisahau, kiweke ndani ya kiatu utakachovaa kesho. Mguu utakigusa hata kama kichwa kimelala. Nikaitia kadi kwenye kiatu cha kulia. Kisha, kwa usingizi ule, nikaona ni busara simu nayo ilale pamoja na kadi. Kwanza nikaiweka kimya, kwa sababu nilikuwa na hasira nayo. Nikasahihisha miadi kwenye kalenda iwe 08:00, nikaiingiza kwenye kiatu cha kushoto, nikalala usingizi wa haki.

Hapo nilikuwa nimefanya makosa mawili kwa mpigo. Alamu ya saa 1:00 niliiweka ya mara moja. Alamu ya aina hiyo ikishalia inajizima yenyewe. Inabaki kwenye orodha ikionekana kama ipo, lakini swichi yake imefifia. Na kusahihisha kalenda hakuisogezi alamu hata dakika, kwani ni programu mbili zisizojuana. Kalenda nayo ilituma taarifa yake dakika 30 kabla, kama ilivyopangwa. Lakini taarifa ni taarifa tu. Simu ikiwa kimya, taarifa inanyamaza. Alamu ndiyo inayolia hata simu ikiwa kimya. Kwa hiyo kalenda ilinong'ona ndani ya kiatu, kiatu kikasikia, mimi sikusikia.

Jua likaniamsha. Saa ya ukutani: saa moja na dakika arobaini.

Nikavaa suruali, nikaruka ndani ya kandambili, nikaanza kutafuta simu. Kandambili, jamani! Mbinu ya kiatu ina sharti moja tu duniani, kwamba ukivae kiatu. Nilipekua kitanda, chini ya kitanda, mifuko ya nguo chafu, ndoo. Na kadi je? Hata sikukumbuka kwamba niliificha. Kuondoka bila simu nisingeweza, namba ya miadi ilikuwa kwenye ujumbe.

Mama jirani akaja na simu yake kunisaidia. "Piga tena, mama," nikamwambia, "wakipiga mara ya pili huwa inapita." Akapiga mara tatu. Kumbe nilichanganya mambo. Ile ruhusa ya anayerudia kupiga, ndani ya dakika 3 kwenye iPhone au 15 kwenye Android, ni ya hali ya "Usisumbue", ile inayozuia simu na taarifa kwa muda. Simu iliyowekwa kimya kabisa inabaki kimya hata apige mtu mara mia. Labda utasikia mtetemo, na mtetemo juu ya soli laini ya kiatu hausikiki hata na panya.

Nikakimbilia kompyuta. Huduma ya Google ya kutafuta simu inaweza kuiamuru ilie kwa sauti ya juu kabisa kwa dakika 5, hata kama iko kimya, mradi imewashwa na ina intaneti. Nikaweka nenosiri. Kompyuta ikajibu kwa adabu: tumetuma ujumbe kwenye simu yako, gusa Ndiyo kuthibitisha kwamba ni wewe.

Nikacheka peke yangu. Mama jirani akanitazama kwa huruma.

Kwa siku kama hiyo ndiyo maana zipo namba za akiba za kuingilia akaunti. Ukishawasha uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nenosiri pamoja na uthibitisho wa pili, unaweza kuomba namba 10, kila moja ina tarakimu 8 na inatumika mara moja tu. Mimi nilikuwa nazo! Nilizipiga picha ya skrini. Picha iko wapi? Kwenye simu. Namshukuru Mungu kwamba siku moja ya wazimu wangu nilizinakili pia nyuma ya daftari. Nikalipata daftari, nikaingiza namba ya kwanza: imekataliwa. Nilishaitumia zamani na sikuikata kwa kalamu. Ya pili ikakubali. Nikabonyeza sehemu ya kuita, nikasimama mlangoni kusikiliza.

Nyumba nzima ikapasuka kwa mlio. Nikazunguka kama kuku, kila upande mlio unatoka.

"Mwanangu," akasema mama jirani taratibu, akionyesha kwa kidole karibu kabisa na kandambili zangu. "Kiatu chako kinaita."

Siku hizi kadi nailaza mlangoni na ufunguo wa nyumba juu yake, kwa sababu kandambili zina njia ya kunitoa nje, ufunguo hauna mbadala. Alamu naweka mbili, zote za kutenda. Miadi ikiwa 08:00 na mwendo ni dakika 30, natoa pia 10 za kutafuta nilichoangusha, kwa hiyo 07:00 inasema "Amka" na 07:20 inasema "Toka, funga mlango". Ile ya zamani ilikuwa imeandikwa "JINO" tu, na jino sikuwa nimelisahau hata sekunde moja. Lilikuwa linanikumbusha lenyewe, bure, bila chaji.

Nilifika kliniki saa tatu kasorobo. Wakanisukuma mwisho wa foleni, nikatolewa jino, nikatoka nusu ya mdomo imekufa ganzi. Getini nikamkuta mlinzi yuleyule. Mwenzake wa zamu ya mchana alikuwa hajafika; eti alamu yake haikulia.

"Umemaliza, bosi?"

"Bado," nikasema kwa ule upande wa mdomo uliobaki hai. "Nirudi wiki ijayo. Saa nane."

Akanishika bega.

"Ya mchana, bosi. Ile nyingine utanikuta mimi tu, na mimi sing'oi."